Kufungua ofisi ya uwakili mtaani ukiwa peke yako: mwongozo kwa wakili mpya

Mwongozo huu ni wa wakili aliyekwisha kuapishwa na Jaji Mkuu, jina lake limeingia kwenye Daftari la Mawakili, na sasa anataka kufungua chumba chake mwenyewe katika mji wa wilaya au pembezoni mwa jiji, ahudumie watu wa kipato cha kawaida. Unahusu Tanzania Bara. Zanzibar ina chama chake cha wanasheria, mahakama zake na taratibu zake, na hatutaigusa hapa.

Wakili mpya akiwaza kujitegemea, hofu yake ya kwanza ni wateja. Hofu hiyo imekaa mahali pasipo pake. Wateja wapo: mjane anayesumbuliwa na mashemeji juu ya nyumba, mlinzi aliyeachishwa kazi bila barua, ndugu wawili wanaogombea mpaka wa shamba, mama anayedai matunzo ya watoto. Kinachoua ofisi changa ni bei isiyotajwa mapema, siku ya mwisho iliyopita bila mtu kujua, na fedha ya mteja iliyolipia pango. Sehemu kubwa ya maelezo haya itakuwa juu ya hayo matatu.

Hatua ya 1: Karatasi zako kabla ya karatasi za watu

Kuwa kwenye Daftari la Mawakili peke yake hakukupi ruhusa ya kufanya kazi. Unahitaji leseni ya uwakili ya mwaka husika, uanachama hai wa Chama cha Wanasheria Tanganyika (TLS) na michango yake, na hati ya kuwa Kamishna wa Viapo na mthibitishaji wa nyaraka. Hii ya mwisho usiiache kiporo. Kuapisha watu na kuthibitisha nakala ndiyo kazi itakayoingia mlangoni tangu juma la kwanza, kabla hujapata kesi hata moja.

Kisha nenda TRA kwa ajili ya namba ya mlipakodi kama huna, na BRELA, wakala wa usajili wa biashara, kama ofisi itatumia jina lisilo lako mwenyewe. Hapa kuna mtego ambao vijana wengi huujua baada ya mwaka, barua ya TRA ikishafika. Kanuni za VAT zinawataka watoa huduma za kitaaluma, mawakili wakiwemo, wasajiliwe bila kujali mapato ni makubwa au madogo. Ule mfumo rahisi wa kodi ya makadirio wa wenye maduka haukuhusu. Maana yake ni mashine ya EFD, risiti kwa kila malipo, na ritani za kila mwezi.

Angalia jinsi hilo linavyogusa bei. Ukimwambia mteja "laki moja" bila kutaja VAT, naye akalipa laki moja, kwa kiwango cha kawaida cha 18% chako ni shilingi 84,746 tu. Shilingi 15,254 ni za serikali. Mteja akiwa kampuni au taasisi, atakata pia kodi ya zuio ya 5% kwenye ada yako. Mdai cheti cha zuio siku hiyohiyo, maana mwisho wa mwaka kitapunguza kodi yako ya mapato, na hakuna mhasibu atakayekukumbuka miezi minane baadaye.

Pango nalo lina zuio, ila hapo mkataji ni wewe. Mpangaji wa biashara hukata 10% ya kodi ya pango na kuipeleka TRA. Chumba cha shilingi 150,000 kwa mwezi: mwenye nyumba anapokea 135,000, TRA inapokea 15,000. Wenye nyumba wengi hawalipendi jambo hili na watakuambia bei yao ni "mkononi". Malizaneni kabla ya kusaini, na liandikwe kwenye mkataba.

Hatua ya 2: Chumba, vifaa na hesabu

Kabla ya kutafuta chumba, kaa mahakamani siku tano. Soma orodha ya mashauri inayobandikwa asubuhi pale Mahakama ya Wilaya, fanya vivyo hivyo Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na uhesabu: ardhi ngapi, ndoa na mirathi ngapi, jinai ngapi, madai ya mikopo ngapi. Orodha hiyo itakuambia mji unahitaji wakili wa namna gani kuliko ushauri wa mtu yeyote. Mji wenye migogoro ya ardhi tupu utakutaka uwe na viatu vya shambani na ujuzi wa kusoma ramani ya upimaji. Mji wenye viwanda utakupeleka Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA), inayoshughulikia migogoro ya kazi, kila juma.

Chumba kiwe umbali wa kutembea kwa miguu kutoka mahakamani, ikiwezekana chini, kwa sababu wateja wengi wa mirathi ni wazee. Lililo muhimu kuliko yote ni mlango unaofungika. Meza iliyowekwa kwenye steshenari, katikati ya watu wanaosubiri fotokopi, haifai. Mwanamke aliyekuja kuzungumzia talaka hatasema neno hapo, na siri ya mteja ni wajibu wako kisheria. Kama uwezo ni wa chumba kimoja tu, benchi la kusubiria likae nje barazani.

Vifaa vya kuanzia havizidi hivi: kompyuta mpakato, printa ya leza yenye skana inayovuta karatasi yenyewe, kwa sababu nyaraka huwasilishwa kwenye mfumo wa kielektroniki wa Mahakama zikiwa PDF na kuskani kurasa 80 moja moja kwa simu ni adhabu, laini za intaneti za mitandao miwili tofauti, betri ya kutosha saa tatu umeme ukikatika, kabati la chuma lenye kufuli, mihuri, na majalada magumu. Maktaba ya vitabu inaweza kusubiri. Hukumu zipo kwenye tovuti ya TanzLII bila malipo. Sheria, hakikisha unatumia Toleo la 2023 la sheria zilizorekebishwa, lililoanza kutumika Julai 1, 2025. Namba za vifungu vingi zimebadilika, na hati ya maombi iliyonakiliwa kutoka kwenye kielelezo cha zamani itataja kifungu ambacho sasa kinasema jambo jingine kabisa.

Sasa hesabu. Chukua mfano huu, kisha weka tarakimu za mji wako: pango 150,000, umeme, maji na usafi 40,000, intaneti na simu 60,000, karatasi, wino na majalada 70,000, nauli 130,000, akiba ya leseni, michango ya TLS na mafunzo endelevu 100,000, mchango wako kwa karani mnayeshirikiana na wenzako 150,000. Jumla 700,000 kwa mwezi kabla hujala. Ukihitaji 600,000 za nyumbani, unatafuta 1,300,000. Kwa siku 22 za kazi, ni kama 59,000 kila siku, na nusu ya siku hizo utakuwa mahakamani ukisubiri shauri liitwe au liahirishwe. Kwa hiyo usifungue bila akiba ya gharama za ofisi za miezi sita, yaani 4,200,000 kwa mfano huu, mbali na vifaa. Wenye nyumba wengi hudai pango la miezi sita au mwaka kwa mkupuo, hivyo sehemu ya akiba hiyo itaondoka siku ya kwanza.

Hatua ya 3: Gawa kazi vipande, kila kipande na bei yake

Mteja wa kawaida hawezi kulipa milioni mbili kwa "kesi nzima", na hata wewe hujui kesi nzima itachukua muda gani. Ila anaweza kulipa kipande. Andaa orodha ya kazi kumi hadi kumi na tano unazozimudu, kila moja na bei ya kudumu: saa moja ya ushauri, barua ya madai, kiapo, mkataba wa mauziano ya kiwanja, mkataba wa pango, wosia, fomu za CMA, hati ya madai, utetezi, sababu za rufaa. Unapopanga bei, Amri ya Malipo ya Mawakili ya 2015 (Tangazo la Serikali, GN, Na. 264), inayoweka viwango vya ada, iwe wazi mezani. Kushusha bei hadi chini ya viwango ili kumnyang'anya mwenzako mteja kutakuletea malalamiko, na mteja uliyempata kwa bei ya kutupa atataka bei hiyo maisha yote.

Mirathi ndiyo somo zuri la vipande. Katika Mahakama ya Mwanzo kazi inakwenda hivi: muhtasari wa kikao cha ukoo, cheti cha kifo, barua ya serikali ya mtaa au kijiji, kisha Fomu Na. 1 ya maombi. Tangazo na kusubiri pingamizi. Uteuzi wa msimamizi. Orodha ya mali na madeni ndani ya miezi minne tangu kuteuliwa. Na mwisho hesabu ya ugawaji. Familia nyingi hukulipa hadi uteuzi, halafu zinapotea. Msimamizi anaanza kujiona ndiye mwenye mali, orodha haipelekwi, na baada ya miaka miwili warithi wanarudi wakiwa na kesi ya kumwondoa. Tibu mapema: uza kipande cha kwanza na vile viwili vya mwisho (orodha ya mali na hesabu ya ugawaji) kwa pamoja, mfano 60% ya ada mwanzoni na 40% siku ya kuandaa orodha ya mali. Mwambie msimamizi kwa maneno mepesi, mbele ya nduguze, kwamba yeye ni mtunzaji tu.

Mawakili walizuiwa Mahakama ya Mwanzo kwa muda mrefu. Mabadiliko ya sheria ya 2021 yamewaruhusu kuingia pale panapoongozwa na hakimu mkazi. Pasipo na hakimu mkazi bado unaweza kumwandalia mteja nyaraka na kumfundisha namna ya kujieleza. Wengi hudharau kazi hii ya kumwandaa mtu asimame mwenyewe. Saa mbili za maandalizi mazuri, pamoja na karatasi moja yenye hoja tano alizozishika kichwani, ni huduma halali inayolipwa, na mteja wa aina hii ndiye anayekutangaza kwa majirani.

Kila kazi inayozidi ushauri wa mdomo iwe na mkataba wa huduma wa ukurasa mmoja, kwa Kiswahili. Uwe na majina na simu. Kazi yenyewe kwa sentensi mbili. Kazi isiyohusika ("ada hii haihusu rufaa wala utekelezaji wa hukumu"). Ada na VAT yake. Gharama zisizo ada, kama ada za mahakama na nauli. Tarehe za malipo. Nini kitatokea mteja akiacha kulipa. Na nani mwingine anaruhusiwa kuulizia jalada. Hicho cha mwisho kinaonekana kidogo, lakini kaka wa mteja atapiga simu, na mchungaji wake, na mwenyekiti wa mtaa. Bila jina lake kwenye karatasi, hajibiwi.

Hatua ya 4: Fedha ya mteja si yako

Fungua akaunti mbili benki: ya ofisi na ya wateja. Mteja akileta 300,000 ambapo 200,000 ni ada ya kazi uliyokwisha kuifanya, 60,000 ni ada za mahakama na 40,000 ni nauli, basi 100,000 inakwenda akaunti ya wateja na inatoka kwa matumizi hayo tu. Kila jalada liwe na karatasi ya hesabu upande wa ndani wa jalada: tarehe, imeingia, imetoka, salio. Ijumaa mchana jumlisha salio za majalada yote. Lazima zilingane na salio la akaunti ya wateja. Zisipolingana, hutoki ofisini hadi ujue kwa nini.

Siku hizi mchanganyiko mkubwa unatokea kwenye simu. Mteja anatuma hela kwenye namba yako binafsi, jioni unanunua unga, na wewe mwenyewe hujui tena ipi ni ipi. Chukua lipa namba ya ofisi na usipokee popote pengine.

Fedha ya kununulia ardhi usikae nayo. Muuzaji na mnunuzi walipane kwa benki mbele yako, wewe ushuhudie na kuandika. Sheria ya kuzuia utakatishaji wa fedha haramu inawahesabu mawakili miongoni mwa wenye wajibu wa kutoa taarifa. Nakala ya kitambulisho na maelezo ya chanzo cha fedha viingie kwenye jalada lolote la mauziano makubwa.

Hatua ya 5: Siku

Nunua daftari kubwa la shajara, hata kama una kalenda ya simu. Kila jalada linapofunguliwa, kabla ya kuandika chochote kingine, andika juu yake kwa kalamu nyekundu siku ya mwisho ya kuchukua hatua. Kwenye shajara andika tarehe mbili: siku ya mwisho yenyewe, na siku 14 kabla yake. Kazi yako inakwenda kwa tarehe ya pili.

Muda unaokutana nao mara nyingi zaidi ni huu:

- Kuachishwa kazi: siku 30 kufika CMA kwa fomu CMA F.1, migogoro mingine ya kazi siku 60. Aliyechelewa hujaza CMA F.2 na kueleza sababu za kuchelewa.
- Kupinga tuzo (uamuzi) ya CMA kwa mapitio Mahakama Kuu: wiki 6 tangu kupewa tuzo.
- Rufaa ya madai kutoka Mahakama ya Mwanzo kwenda ya Wilaya: siku 30.
- Kutoka Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya kwenda Mahakama Kuu: siku 45.
- Jinai kutoka Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi: kusudio la kukata rufaa ndani ya siku 10, rufaa yenyewe ndani ya siku 45.

Hesabu kwa vidole, usikisie. Uamuzi wa Baraza umetolewa Machi 3. Siku ya kwanza ni Machi 4. Hadi Machi 31 ni siku 28, zinabaki 17, siku ya mwisho ni Aprili 17. Mteja atakuambia "mwezi na nusu", na kwa hesabu yake atakuja Aprili 20. Siku ileile hukumu inaposomwa, andika barua ya kuomba nakala na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Muda unaohitajika kupata nakala huondolewa kwenye hesabu, ila ni lazima uonyeshe kwamba uliomba.

Mfumo wa kielektroniki umewapa watu uvivu mpya: kupakia nyaraka saa tano usiku siku ya mwisho. Faili likikataliwa kwa sababu kurasa zimepinda au namba ya malipo haikutoka, asubuhi unahitaji maombi ya kuongezewa muda, na maombi hayo yanahitaji sababu ya msingi. Intaneti iliyokatika nyumbani kwako ni sababu dhaifu.

Kuna pia milango inayopaswa kupitiwa kwanza. Shauri la talaka linahitaji hati ya Baraza la Usuluhishi la Ndoa inayosema usuluhishi umeshindikana, na hati hiyo isizidi miezi 6 siku unapofungua. Shauri la ardhi linalokwenda Baraza la Wilaya lipite kwanza Baraza la Kata, ambalo tangu mabadiliko ya 2021 linasuluhisha tu bila kuamua. Lisipomaliza ndani ya siku 30, njia inafunguka. Wakili aliyeruka mlango huu hupoteza mwaka mzima, shauri linafutwa, na mteja hasemi "mlango", anasema "wakili".

Hatua ya 6: Muhuri wako na sahihi yako

Hapa ndipo wakili mpya anapoumia kirahisi zaidi, kwa sababu kazi yenyewe inaonekana ya dakika mbili. Mtu anakuja na karatasi iliyokwisha kusainiwa nyumbani: "Gonga tu, bosi, mwenyewe yuko Mwanza." Usigonge. Aapaye lazima asimame mbele yako na asaini ukimwona.

Sehemu ya mwisho ya kiapo cha maandishi, ile ya uthibitisho wa Kamishna wa Viapo (jurat), ndiyo inayoua maombi mazima mbele ya majaji. Hakikisha ina mambo haya yote: mahali kilipoapwa, tarehe, jina la anayeapa, kama unamfahamu wewe mwenyewe au ametambulishwa kwako na mtu unayemfahamu, na jina la mtu huyo, kisha jina lako kamili, sahihi, anuani na cheo cha Kamishna wa Viapo. Muhuri wenye jina lako hautoshi mahali ambapo jina linatakiwa kuandikwa. Sehemu hiyo isikae peke yake kwenye ukurasa wa mwisho bila aya hata moja ya kiapo juu yake, maana karatasi ya namna hiyo inaweza kuchomolewa na kubandikwa kwingine. Usiapishe kiapo katika shauri ambalo wewe mwenyewe ndiye wakili wake. Mpelekee mwenzako wa chumba cha pili.

Weka daftari la viapo na nyaraka zilizothibitishwa: namba ya mfululizo, tarehe, jina, aina na namba ya kitambulisho, nyaraka gani, sahihi ya mhusika. Miaka mitatu baadaye polisi wakija na mkataba wenye muhuri wa kughushi, daftari ndilo litakalokutoa. Muhuri ulale kwenye kabati lenye kufuli. Karani asibaki nao.

Kila hati unayoiandaa iwe na jina na anuani yako chini kama mwandaaji. Sheria ya Mawakili inalitaka hilo, na masjala haziruhusiwi kuipokea hati isiyo na jina la mwandaaji. Usikubali jina lako liwekwe kwenye hati iliyoandikwa na kishoka wa steshenari kwa malipo ya shilingi elfu tano. Siku ikivurugika, yeye hana leseni ya kupoteza.

Kwenye mauziano ya ardhi ongeza mambo matatu: nenda ukaione ardhi na uzungumze na majirani wa pande zote, pata ridhaa ya mwenzi wa ndoa kwa maandishi kama ni nyumba ya familia, na kama ni ardhi ya kijiji, halmashauri ya kijiji iwe imeidhinisha, si mwenyekiti na muhuri wake peke yake. Tena, chagua upande. Muuzaji na mnunuzi wakija pamoja wakicheka, bado ni wateja wawili wenye masilahi tofauti. Andika kwenye mkataba unamwakilisha nani.

Hatua ya 7: Wateja bila madalali

Kanuni za maadili za mawakili za 2018 zinabana matangazo, na kumlipa mtu asiye wakili kwa kukuletea kesi ni kosa, awe karani wa mahakama, askari wa mapokezi au bodaboda wa kijiweni. Ukikubali mara moja, yule askari ndiye atakayekupangia bei.

Njia inayofanya kazi ni kufundisha. Omba dakika 30 kwenye kikao cha VICOBA, kwenye mkutano wa serikali ya mtaa, baada ya swala au ibada wenyeji wakikukaribisha. Chukua mada moja tu, mfano "mambo matano ya kukagua kabla ya kununua kiwanja", na ujibu maswali. Usiombe kesi hapo. Acha namba ya simu kwa katibu. Jitambulishe pia kwa ofisa ustawi wa jamii, dawati la jinsia na watoto la polisi, na wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017. Wasaidizi hao hutoa huduma bure, wanajua kila kaya, na watakuletea mambo yaliyowazidi. Wape heshima na mrejesho, usiwape kamisheni.

Wasioweza kulipa kabisa hawatakosekana. Panga idadi, kwa mfano majalada mawili ya bure kwa wakati mmoja, na ukifunga moja ndipo ufungue jingine. Wengine waelekeze kwa maandishi: kwa mtoa msaada wa kisheria aliye karibu, au kwa timu za Kampeni ya Msaada wa Kisheria ya Mama Samia zinapokuwa wilayani. Jalada la bure lina siku ya mwisho kama jalada la kulipiwa, na hapo ndipo wengi huteleza.

Hatua ya 8: Usiwe peke yako kweli

Kujitegemea kusigeuke kujifungia. Tafuta mawakili wanne hadi sita wa wilaya yako au jirani, mshirikiane karani mmoja, printa nzuri na saa moja kila Jumatatu jioni. Kikao hicho kina kazi tatu: kila mmoja anataja siku za mwisho za juma hilo, kila mmoja analeta hati moja isomwe na mwingine kabla ya kuwasilishwa, na mnapangana nani atasimama kwa niaba ya nani pale tarehe mbili zinapogongana. Anayekushikia shauri mpe jalada kamili na maelezo ya maandishi ya mistari mitano jioni ya jana yake. Simu ya saa mbili na nusu asubuhi, "mwombe tu aahirishe", ndiyo inayokufanya uitwe mzembe mbele ya hakimu.

Mkishirikiana chumba, kila mmoja abaki na majalada, akaunti, muhuri na kibao chake, ili mteja asidhani ninyi ni kampuni moja. Kabla ya kupokea mteja mpya, tajianeni jina la upande wa pili. Wawili wa chumba kimoja wasijikute wanapigana katika shauri moja.

Huko Marekani, shule ya sheria ya Chuo Kikuu cha Jiji la New York (CUNY) ilianzisha mwaka 2007 mpango wa kuwalea wahitimu wake wanaofungua ofisi za watu wa kipato cha chini: chumba cha bei nafuu, mafunzo na mkongwe wa kumuuliza. Tawi la TLS la kanda yako linaweza kufanya hivyo kwa gharama ndogo sana. Wakili mkongwe unayesoma hapa, huhitaji kutoa fedha. Soma hati tano za mwanzo za kijana mmoja kwa kalamu nyekundu, mpe kesi ndogo tatu zinazokulemea pamoja na ada yake halisi, na pokea simu yake kabla hajawasilisha, si baada ya shauri kufutwa.

Mwisho wa mwaka

Leseni ya uwakili hufikia ukomo Desemba 31, na Januari ndiyo mwezi wa kuihuisha. Anza Oktoba: hakikisha saa za mafunzo endelevu zimetimia, michango ya TLS imelipwa, na ile akiba ya 100,000 ya kila mwezi ipo. Baada ya kulipa, ingia kwenye mfumo wa Mahakama wa e-Wakili na utazame hali yako mwenyewe kama mteja angeitazama. Malipo yanaweza kuwa yamepita na jina bado halijahuishwa. Hadi lisomeke kuwa hai, usisaini hati, usiapishe mtu, usisimame mahakamani, maana wakili wa upande wa pili ataitazama kabla yako na kuomba nyaraka zako zote ziondolewe.

Desemba hiyohiyo, andika barua moja ifungwe kwenye bahasha na ikae kwa mwenzako mmoja wa kikao cha Jumatatu: orodha ya majalada yaliyo hai, siku zake za mwisho, mahali funguo za kabati zilipo, na salio la akaunti ya wateja kwa kila jalada. Ukilazwa hospitali mwezi mzima, mtu huyo aweze kuwapigia simu wateja wako siku ya pili.